Kadi za Kale za Besiboli Zilizotoka katika Pakiti za Sigara: Jinsi ya Kuzitambua na Kupima Hali Yake

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza:

(a) kueleza asili ya kadi za besiboli zilizotolewa na kampuni za tumbaku nchini Marekani;
(b) kuichunguza kadi kwa utaratibu ili kutenganisha iliyo halisi na nakala;
(c) kupima hali ya kadi kwa vigezo vinavyotumika katika biashara hiyo;
(d) kutambua hila zinazotumika kuipandisha kadi thamani isiyostahili;
(e) kujilinda kisheria anaponunua au kuuza.

Utangulizi

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaoishi Marekani hukutana na kadi hizi bila kuzitafuta. Huziona katika minada ya vitu vya nyumbani, katika masoko ya mitumba, au ndani ya sanduku lililoachwa na mpangaji wa zamani. Kadi ndogo ya karatasi ngumu, yenye picha ya mchezaji upande mmoja na tangazo la sigara upande wa pili, huweza kuwa na thamani ya makumi ya dola, maelfu ya dola, au isiwe na thamani yoyote. Tofauti hiyo hutegemea mambo ambayo jicho lisilozoea haliyaoni.

Hapo ndipo hasara hutokea kwa pande zote mbili. Yuko auzaye kadi halisi kwa bei ya kikombe cha kahawa, na yuko atoaye akiba ya mwaka mzima kwa karatasi iliyochapwa juzi. Somo hili halikusudii kumfanya msomaji kuwa mthamini. Lakusudia kumpa maarifa ya kutosha ili asifanye uamuzi gizani.

1. Asili ya kadi hizi

Katika miaka ya 1880, watengenezaji wa sigara wa Marekani walianza kutia vipande vya karatasi ngumu ndani ya pakiti ili sigara zisipondeke. Punde waligundua kwamba kipande hicho, kikichapwa picha, humvuta mnunuzi arudi kununua pakiti nyingine. Kampuni ya Allen & Ginter ilitoa mwaka 1887 seti ya kadi 50 za mabingwa wa michezo mbalimbali, kumi miongoni mwao wakiwa wachezaji wa besiboli. Goodwin & Company nayo, kwa sigara zake za Old Judge, ilitoa picha halisi za kamera zilizobandikwa juu ya karatasi ngumu.

Mwaka 1890 kampuni kubwa ziliunganishwa na kuwa American Tobacco Company chini ya James Buchanan Duke. Ushindani ulipopungua, haja ya kutoa kadi nayo ilipungua. Kadi zilirudi kwa wingi kuanzia mwaka 1909, na kipindi hicho cha pili ndicho kilichozaa kadi zinazotafutwa zaidi leo. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru ukiritimba wa kampuni hiyo uvunjwe.

Majina ya seti kama T205, T206 na T207 hayakutolewa na kampuni za sigara. Yalitungwa na mkusanyaji Jefferson Burdick, aliyeandaa katalogi ya kadi za Marekani. Herufi T yaonyesha kadi za tumbaku za karne ya 20, na herufi N zile za karne ya 19. Burdick aliukabidhi mkusanyo wake kwa jumba la makumbusho la Metropolitan Museum of Art jijini New York, nao umehifadhiwa humo hadi leo.

2. Seti ya T206

Seti ijulikanayo kuliko zote ni T206, iliyotolewa kati ya mwaka 1909 na 1911. Kwa hesabu inayokubaliwa na wakusanyaji wengi, ina kadi 524. Kila kadi ina ukubwa wa takriban milimita 37 kwa 67, pambizo nyeupe kuzunguka picha, na jina la mchezaji pamoja na timu yake kwa wino wa kahawia chini ya picha.

Nyuma ya kadi kuna tangazo la mojawapo ya chapa za sigara. Piedmont, kwa wino wa buluu, na Sweet Caporal, kwa wino mwekundu, ndizo zipatikanazo kwa urahisi zaidi. Nyingine, kama Drum, Uzit, Lenox na Broad Leaf, ni adimu. Kwa hiyo kadi mbili za mchezaji mmoja, zenye picha ileile na hali ileile, huweza kutofautiana sana kwa bei kwa sababu ya upande wa nyuma peke yake. Usiitathmini kadi kamwe kabla ya kuigeuza.

Kadi iliyo maarufu zaidi katika seti hii ni ya Honus Wagner wa Pittsburgh. Uchapaji wake ulikatizwa mapema. Wengine husimulia kwamba Wagner hakutaka picha yake itumike kuwauzia watoto tumbaku, wengine kwamba hakuridhika na malipo. Zilizobaki zinakadiriwa kuwa takriban 50 hadi 60. Mwaka 2022 moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25, ingawa daraja la hali yake lilikuwa 2 tu katika ngazi ya 1 hadi 10. Hapa kuna funzo la kwanza: uhaba na hali ni mizani miwili tofauti. Kadi adimu sana huvumiliwa kasoro zake, lakini kadi ya kawaida iliyochakaa hubaki kuwa kadi ya kawaida.

3. Je, kadi ni halisi?

Kadi za T206 zimechapwa upya mara nyingi, mara nyingine kwa nia njema kama kumbukumbu, mara nyingine kwa nia ya kudanganya. Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 ya kuwalinda wakusanyaji huwataka watengenezaji wa sarafu za kuiga kuzitia alama ya kuonyesha kuwa ni nakala, lakini imehusu sarafu na vitu vya kampeni za siasa, si kadi za michezo. Kukosekana kwa neno la kuonyesha nakala si ushahidi kwamba kadi ni ya asili.

Fanya uchunguzi kwa hatua zifuatazo:

*Kwanza, pima ukubwa kwa rula.* Kadi za asili hutofautiana kidogo, kwa kuwa zilikatwa viwandani bila usahihi wa mashine za leo. Lakini kadi iliyozidi au kupungua kwa milimita nzima au zaidi yahitaji maelezo. Maelezo mamoja halali ni kadi zenye tangazo la American Beauty, ambazo zilikatwa nyembamba zaidi kwa sababu pakiti yake ilikuwa nyembamba.

*Pili, tazama wino kwa lenzi ya kukuzia.* Kadi za asili zilichapwa kwa litografia, rangi moja baada ya nyingine. Herufi za jina la mchezaji huonekana kuwa wino mzima usiokatika. Katika nakala nyingi za kisasa, picha na herufi pia hujengwa kwa nukta ndogo zilizopangwa kwa mpangilio wa kufuatana. Ukiziona nukta hizo ndani ya herufi, acha hapo.

*Tatu, tumia taa ya miale ya urujuanimno katika chumba chenye giza.* Karatasi nyingi za kisasa hutiwa kemikali za kuzing'arisha, nazo huwaka weupe wa buluu chini ya taa hiyo. Karatasi ya mwaka 1910 haikuwa na kemikali hizo, hivyo haing'ai. Kumbuka lakini kwamba kadi isiyong'aa haijathibitika kuwa halisi, kwa maana mwenye hila aweza kuchapa juu ya karatasi kuukuu. Jaribio hili hukataa, halithibitishi.

*Nne, linganisha uchakavu.* Kadi ya kweli huchakaa polepole: pembe zikilegea, kingo nazo huwa zimelegea. Nakala iliyozeeshwa kwa makusudi, kwa chai au kwa kusuguliwa, huwa na doa la rangi moja kila mahali, au pembe zilizovunjwa huku uso ukiwa mpya.

*Tano, linganisha mbele na nyuma.* Si kila mchezaji alichapwa na kila tangazo. Kadi ya Wagner, kwa mfano, hujulikana kwa matangazo ya Piedmont na Sweet Caporal pekee. Wagner mwenye tangazo lingine ni wa kukataliwa.

4. Vigezo vitano vya hali

Ikishaonekana kuwa kadi yaelekea kuwa halisi, pima hali yake. Itazame chini ya mwanga mkali, kisha iinamishe ili mwanga upite juu yake kwa ubavu. Mikunjo na maandishi yaliyofutwa, ambayo hayaonekani kadi ikitazamwa moja kwa moja, hujitokeza kwa njia hiyo.

Pembe. Je, zina ncha, zimelegea kidogo, zimekuwa mviringo, au zimepasuka tabaka? Daraja huvutwa chini na pembe iliyo mbovu kuliko zote, si kwa wastani wa pembe nne.

Kingo. Angalia mikwaruzo na rangi iliyobanduka. Katika seti ya T205 ya mwaka 1911, iliyo na pambizo za rangi ya dhahabu, rangi hiyo hubanduka kwa urahisi, na ndiyo sababu kadi zake safi ni chache.

Ulinganifu wa pambizo. Pima pambizo ya kushoto na ya kulia, kisha ya juu na ya chini. Jumlisha mbili zinazokabiliana na utafute sehemu ya kila moja katika mia. Pambizo za milimita 1.5 na 1.5 ni 50 kwa 50, yaani ulinganifu kamili.

Uso. Tafuta mikunjo, madoa ya tumbaku, matundu ya pini, alama za kalamu na rangi iliyopauka kwa jua. Mkunjo unaokata karatasi kutoka mbele hadi nyuma ni kasoro kubwa kuliko ule ulio juujuu.

Upande wa nyuma. Watoto wa zama hizo walizibandika kadi katika albamu kwa gundi. Zilipobanduliwa, karatasi ya nyuma mara nyingi ilitoka pamoja na gundi. Kadi yaweza kuwa nzuri sana mbele na bado ikapata daraja la chini kabisa kwa sababu hiyo. Muuzaji asiyeonyesha picha ya nyuma aombwe aionyeshe. Akikataa, biashara na ikome.

5. Madaraja na makasha

Kampuni huru za kupanga madaraja, zikiwemo PSA na SGC, hupokea kadi kwa malipo, huikagua, huipa daraja kati ya 1 na 10, kisha huifunga katika kasha gumu la plastiki lenye namba ya utambulisho. Kwa kadi za umri huu, madaraja yaweza kufahamika hivi:

- 1 hadi 2: mikunjo mikubwa, pembe za mviringo, madoa au karatasi iliyopungua. Picha yaweza bado kupendeza.
- 3 hadi 4: uchakavu ulio dhahiri lakini wa wastani, mkunjo mdogo waweza kuwepo.
- 5 hadi 6: pembe zimelegea kidogo tu, kadi haina mikunjo inayoonekana wazi.
- 7 hadi 8: inakaribia kuwa kama ilivyotoka katika pakiti. Kadi za T206 zinazofika hapa ni chache.
- 9 hadi 10: nadra mno kwa karatasi iliyopita mikononi kwa zaidi ya karne moja.

Kadi iliyo halisi lakini iliyofanyiwa marekebisho hufungwa bila namba ya daraja, ikiandikwa tu kwamba ni halisi. Bei yake huwa chini sana ya ile ya kadi isiyoguswa yenye sura hiyohiyo.

Kasha lenyewe si dhamana ya mwisho, kwa kuwa makasha pia hughushiwa. Ingiza namba ya utambulisho katika tovuti ya kampuni iliyotajwa, uhakikishe kwamba jina la mchezaji, seti na daraja vinaoana. Pakiwa na picha kwenye kumbukumbu, linganisha kila doa na kila mkunjo na kadi iliyo mbele yako.

6. Hila za kurekebisha

Hila iliyo kuu ni kupunguza kingo: kukata ukanda mwembamba wa karatasi ili pembe zilizolegea zipotee na pambizo zilingane. Nyingine ni kupaka rangi palipobanduka, kuijenga pembe kwa karatasi na gundi, kufuta maandishi, kutoa madoa kwa kemikali na kukandamiza mikunjo.

Uzito wa jambo hili waonekana katika kisa cha kadi moja ya Wagner. Mwaka 1991 ilinunuliwa kwa dola 451,000 na mchezaji wa magongo ya barafuni Wayne Gretzky pamoja na mshirika wake Bruce McNall. Kampuni ya PSA iliipa daraja la 8, na mwaka 2007 iliuzwa kwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 Bill Mastro, mwendesha minada mashuhuri aliyewahi kuimiliki, alipokiri kosa la ulaghai kwa njia ya posta mbele ya mahakama ya shirikisho, alikiri pia kwamba yeye ndiye aliyeikata kadi hiyo kingo zake. Alihukumiwa kifungo cha miezi 20 mwaka 2015.

Ikiwa kadi iliyochunguzwa kuliko zote duniani ilipita mikononi mwa wataalamu kwa miaka mingi ikiwa imekatwa, mnunuzi wa kawaida hana budi kuwa na tahadhari. Dalili za kukatwa ni pembe kali katika kadi ambayo uso wake umechakaa, ukingo mmoja ulionyooka au kung'aa kuliko mingine, na vipimo vilivyopungua upande mmoja tu.

7. Haki na hatua za mnunuzi

(1) Mtake muuzaji aandike katika risiti jina la seti, mchezaji, tangazo la nyuma, hali, na iwapo kadi imerekebishwa. Tamko la mdomo ni gumu kulithibitisha.

(2) Pata kwa maandishi masharti ya kurudisha kadi ikikataliwa na kampuni ya kupanga madaraja, pamoja na muda wake.

(3) Lipa kwa kadi ya benki ya mkopo inapowezekana. Sheria ya shirikisho hukuruhusu kupinga malipo ya bidhaa ambayo haikufika au haikuletwa kama ilivyokubaliwa. Barua ya pingamizi imfikie mtoaji wa kadi ndani ya siku 60 tangu ulipotumiwa taarifa ya kwanza yenye malipo hayo. Fedha zilizotumwa kwa hawala, au kwa namba za kadi za zawadi za madukani, ni vigumu mno kurudishwa.

(4) Ukiagiza kwa intaneti, simu au posta, muuzaji anatakiwa kutuma bidhaa katika muda alioutangaza, au ndani ya siku 30 ikiwa hakutangaza muda. Akishindwa, lazima akuarifu na kukupa nafasi ya kufuta agizo na kurudishiwa fedha.

(5) Ukidanganywa, toa taarifa kwa Tume ya Shirikisho ya Biashara na kwa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo lako. Ikiwa posta ilitumika, wajulishe pia wakaguzi wa Posta ya Marekani.

Kwa anayeuza, kanuni ni moja: usimuuzie mtu yuleyule aliyekutajia thamani. Anayekuambia kadi haina thamani, kisha akaomba kuinunua, ana masilahi katika jibu lake. Tafuta makadirio mawili au matatu, na tazama bei zilizolipwa kweli katika minada iliyokwisha, si bei zinazoombwa.

8. Utunzaji

Usiisafishe kadi, usiinyooshe, usiibandue kwa nguvu kutoka katika albamu. Ishike kwa kingo, kwa mikono safi na mikavu. Itie katika mfuko laini wa plastiki isiyo na PVC, kisha katika kasha gumu. Iweke mbali na jua, joto na unyevu. Gundi ya utepe na mipira ya kufungia huharibu kadi zaidi ya miaka ilivyoiharibu. Piga picha za pande zote mbili na uhifadhi risiti, kwani mali bila daftari huisha bila habari.

9. Zoezi lenye majibu

Umeonyeshwa kadi ya T206 ya Ty Cobb yenye tangazo la Piedmont. Haimo katika kasha. Muuzaji asema ni ya daraja la 5. Unapima na kupata milimita 35 kwa 67. Pambizo ya kushoto ni milimita 2, ya kulia milimita 1. Pembe zote ni kali. Chini ya taa haing'ai. Ukiinamisha, waona mkunjo mwembamba katikati. Ufanye nini?

*Jibu.* Kutong'aa hakuikatai kadi, wala hakuithibitishi. Pambizo ni 67 kwa 33, yaani hazilingani. Upana umepungua milimita 2 huku urefu ukiwa kamili, na utetezi wa American Beauty haufai kwa kuwa tangazo ni la Piedmont. Pembe kali katika kadi yenye mkunjo hazipatani. Kwa hiyo kuna shaka nzito kwamba ukingo wa kulia umekatwa. Hata bila shaka hiyo, mkunjo waliweka mashakani daraja la 5. Usilipe bei ya daraja hilo. Mtake muuzaji aipeleke kwanza kwa kampuni ya kupanga madaraja, au akupe kwa maandishi ahadi ya kurudisha fedha. Akikuhimiza kwamba mnunuzi mwingine yu njiani, mwachie huyo mnunuzi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kadi mbili zenye picha moja na hali moja huweza kutofautiana kwa bei?
2. Taja jaribio moja linaloweza kukataa kadi lakini lisiweze kuithibitisha. Eleza sababu.
3. Pambizo ya juu ni milimita 3 na ya chini milimita 1. Ulinganifu wake ni kiasi gani katika mia?
4. Taja dalili tatu za kadi iliyopunguzwa kingo.
5. Ni mambo gani manne yapasayo kuandikwa katika risiti kuhusu kadi yenyewe, mbali na jina la mchezaji?